Nyinyi Nani Anawahesabu? Bunge, Shilingi ya Waziri na Utafiti wa Tanga

Kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Muheza, wenzangu wa maabara walikuwa wakiomba ruhusa ya kutega mbu majumbani kwa msimu mwingine. Mimi kazi yangu ni sera na mipango, hivyo nilikaa pembeni na daftari la mahudhurio. Mama mmoja akasimama. "Miaka nenda rudi mnakuja kuhesabu mbu wetu. Nyinyi nani anawahesabu?"

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akataka kumkalisha. Nikamwomba amwache, maana swali lile lina jibu, na jibu limo kwenye Katiba.

Ibara ya 63 inalipatia Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake kwa niaba ya wananchi. Taasisi za utafiti ni sehemu ya vyombo hivyo, na nyingi zimezaliwa na Bunge lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na maabara zisizo na mwenyewe, Sheria Na. 23 ya 1979 ikaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikafuata kwa Sheria Na. 7 ya 1986. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine kabisa. Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti kule Amani mwaka 1902, bajeti ya koloni ilipigiwa kura Berlin. Hakuna Mshambaa wala Mbondei aliyeweza kusimama kule akauliza ile mikwinini, miti ya dawa ya malaria, inapandwa kwa faida ya nani.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wasomi: sera haipitishwi na Bunge. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ile iliyoleta elimu ya lazima ya miaka 10, ni ya Serikali, na sera huidhinishwa na Baraza la Mawaziri. Bunge hukutana na sera pale inapodai sheria au inapodai fedha. Na kwenye fedha nako mikono ya mbunge imefungwa kiasi. Kwa ibara ya 99, hawezi kuanzisha mwenyewe hoja ya kuongeza matumizi ya Serikali. Pendekezo hilo sharti litoke kwa Rais na liwasilishwe na Waziri. Kwa hiyo mtafiti anayelalamika kwamba wabunge wamemnyima fedha, mara nyingi analia kwenye msiba usio wake.

Alichonacho mbunge ni shilingi. Bajeti ya wizara inapopitiwa kifungu kwa kifungu, ukifika mshahara wa Waziri mbunge anaweza kutangaza kwamba asipopata maelezo ya kutosha "atashika shilingi", yaani atatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo. Akiitoa hoja, wenzake wanachangia, Waziri anajibu. Mara nyingi shilingi hurudishwa kabla ya kura, na muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo. Wapo wanaouona kama mchezo wa kuigiza. Mimi siuoni hivyo. Waziri anayejua kwamba kuna mtu atamshika shilingi kuhusu kituo fulani hupiga simu kwenye kituo hicho wiki mbili kabla, na simu hizo tunazijua sisi tunaozipokea. Siku hizo hata mafaili yaliyopotea huonekana.

Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba sayansi hufika bungeni vipandevipande. Panda basi Tanga mjini kwenda Muheza. Mjini kuna utafiti wa mifugo, TALIRI, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Njiani kuna Mlingano, penye mkonge na udongo, chini ya Wizara ya Kilimo. Unashuka Muheza kwenye utafiti wa malaria wa NIMR, na hapo uko Wizara ya Afya. COSTECH, inayopaswa kuratibu wote hao, iko Wizara ya Elimu. Safari haifiki saa mbili, lakini umepita wizara tatu, na kila moja husoma bajeti yake siku yake. Elimu nayo imegawanywa: mtaala ni wa Wizara ya Elimu, ila uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za Serikali uko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ukimtuma mbunge wako akaulize juu ya maabara ya shule ya kata Pangani, apeleke swali TAMISEMI, la sivyo atarudi na jibu la adabu lisilo na kitu.

Kuna fedha nyingine ambazo shilingi ya Waziri haizifikii. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba, vya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Walishiriki watoto 15,459 kwa jumla. Waliolipia ni kampuni ya GSK na shirika la PATH, kwa msaada wa mfuko wa Gates. Jaribio la namna hiyo halisimami kwa kura ya bajeti ya Dodoma, ingawa haliwezi kuanza bila vibali vya maadili na vya dawa, na vibali hivyo vimesimama juu ya sheria zilizotungwa na Bunge. Mbunge anayetaka kujua lolote aanzie kwenye vibali, maana kwenye kitabu cha bajeti hataona kitu.

Baada ya mkutano yule mama alinifuata kwenye gari. "Sasa mimi nimwambie nini mbunge?" Nikamwambia asiulize kama utafiti una bajeti, kwa sababu ataambiwa ipo. Aulize mambo mawili: kituo kiliidhinishiwa kiasi gani mwaka huu wa fedha, na hadi Machi kimepokea kiasi gani. Aulize pia kama Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye ripoti zake huwekwa wazi zikishafika bungeni, amekitaja kituo hicho.

"Niandikie," akasema. Karatasi sikuwa nayo, nikamwandikia nyuma ya fomu ya mahudhurio, chini ya jina lake mwenyewe.