Jina Lililoandikwa Kwenye Picha ya Eksirei: Maswali ya Dirishani

Eksirei ya kompyuta ni kitu gani?

Ni eksirei ileile, ila ndani ya kaseti, badala ya filamu ya kusafishwa gizani, mna bamba linalotunza nishati ya mionzi iliyopenya mwilini. Mashine hulisoma kwa leza, picha hutokea kwenye kompyuta, kisha bamba hufutwa kwa mwanga mkali likamngoje mgonjwa mwingine. Kinachobaki ni faili: picha, jina, namba ya mgonjwa, jinsi, tarehe ya kuzaliwa na siku ya kipimo. Kompyuta haizijui mbavu za mtu. Inamjua kwa maandishi hayo tu.

Sina bima. Nipigwe picha kwa kadi ya ndugu yangu?

Hapana. Kijana mmoja kutoka Tandahimba alipigwa picha ya kifua kwa kadi ya kaka yake. Baada ya miezi mitano kaka mwenyewe akaja anakohoa, na daktari, alipofungua picha aliyodhani ni yake ya awali, akaona doa mahali palepale juu ya pafu la kulia, akakaribia kuliita kovu la zamani. Kilichotuokoa ni mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega: katika picha ya kwanza ulikuwa umevunjika zamani ukaunga kwa kupinda, katika ya pili ulikuwa umenyooka kabisa. Bila mfupa huo, mwenye kifua kikuu angerudishwa nyumbani kwa watoto wake.

Hata kama majina yetu yanafanana?

Hata hivyo, hapana. Huku kwetu siku moja yaweza kutuletea akina Hamisi Saidi watatu, na ndiyo maana tunaidai namba, ingawa wengi hututazama kana kwamba tunawasumbua. Wengine, leo huja kwa jina la utotoni, mwezi ujao kwa jina walilopewa jandoni. Yote ni yako, lakini hospitalini tumia moja, lilelile, siku zote.

Nitunze picha kwenye simu?

Simu hupoteza tofauti ndogo za weusi na weupe ambazo daktari huzitafuta, na mara nyingi hukata pembe yenye jina. Omba nakala ya faili lenyewe.

Nilikwisha kutumia kadi ya mwingine. Je, picha ifutwe?

Haifutwi; huhamishiwa kwa mwenyewe, mradi tuambiwe. Njoo useme leo, usingoje ndugu yako augue.

Basi nisubiri fedha za korosho, nije kwa jina langu?

Hapana, na tena hapana! Kikohozi cha wiki mbili hakingoji mnada wa korosho. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo huhitaji kadi ya mtu yeyote. Njoo na jina lako, uanzie hapo, na kama picha itahitajika, daktari ndiye atakayekuandikia.