Oili ya sintetiki inakuvusha asubuhi ya baridi, ila haikupi ruhusa ya kuchelewa kuimwaga

Nianze na gari moja lililoletwa kwangu katikati ya baridi kali, nje nyuzi -20 na kitu. Mwenye gari ananiambia fundi injini inawaka safi kabisa ila dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, inanishangaza, oili inapanda badala ya kupungua na mimi sijaongeza hata tone. Nikachomoa dipstiki, nikaifuta, nikaichovya tena, kweli oili imepita alama ya juu kwa sentimita nzima, nikainusa ikanipiga harufu ya petroli. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, kwa ndani kimepakaa ute wa njano iliyopauka, mzito kama losheni. Na oili yenyewe ni sintetiki nzuri tu, yaani iliyoundwa kiwandani, 0W-30, imetembea kama kilomita 6,000, na jamaa alishapanga kuifikisha 20,000 maana "si ni sintetiki fundi, wewe mwenyewe ulisema inahimili baridi".

Ni kweli nilisema na bado nasema. Shida ni kwamba watu wengi wanaunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kina njia yake, oili kuhimili baridi na oili kudumu muda mrefu ndani ya injini. Baridi ile ile inayokufanya ununue sintetiki ndo hiyo hiyo inayoichosha upesi, hasa kama safari zako ni za dakika kumi kumi.

Tuanze na namba za kwenye dumu maana hapo ndo watu wengi wanapopotea. Ile W sio uzito, ni winta, yaani majira ya baridi, na viwango vyake viko kwenye waraka wa SAE, chama cha wahandisi wa magari, unaoitwa J300. Oili ya 0W inapimwa kwenye nyuzi -35 kuona kama stata, ile mota ya kuwashia, itaweza kuzungusha injini, halafu inapimwa tena kwenye -40 kuona kama pampu itaivuta. 5W ni -30 na -35, 10W ni -25 na -30, 15W ni -20 na -25, 20W ni -15 na -20. Unaona mpangilio, kila ukishuka ngazi moja unapata nyuzi 5 za nafuu. Namba ya pili, ile 30 au 40, inapimwa oili ikiwa nyuzi 100, kwa hiyo 0W-40 na 15W-40 injini ikishapata joto zinaangukia fungu moja, na anayekwambia 0W ni maji tu itakuulia beringi hajaelewa. Hiyo 0W kwenye -35 inaruhusiwa kufika sentipoizi 6,200, hicho ni kipimo cha uzito wa kimiminika kutiririka, wakati maji ya kawaida ni kama sentipoizi 1.

Kama unataka kuona kwa macho yako weka oili kwenye friza, friza nyingi za nyumbani zinakaa kama -18. Mimi nilifanya hivyo na vijana ninaowafundisha, chupa mbili za plastiki, moja 20W-50 ya madini, yaani iliyosafishwa kutoka mafuta ghafi, nyingine 0W-30 sintetiki, zikalala humo usiku kucha. Asubuhi tukazilaza zote kwa pamoja juu ya meza. Ile 0W-30 ikaserereka mpaka shingoni mwa chupa, imekuwa nzito ndiyo lakini inatembea. Ile 20W-50 ikakaa, uso wake ukaanza kuinama taratibu sana, kijana mmoja akahesabu mpaka thelathini na bado haijafika shingoni. Na hapo ni -18 tu, mwisho wa stata kwa 20W ni -15 kwa hiyo tulishaupita. Sasa hiyo ndo unaitaka ipande kwa sekunde chache kutoka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, mpaka juu kwenye kemshafti inayofungua vali.

Kinachofanya oili ya madini igande ni nta. Mafuta ghafi yana nta ndani yake, wakisafisha inabaki kiasi, na baridi ikishuka ile nta inajitengeneza kuwa vipande vidogo vidogo vinavyoshikana kama wavu na oili inanasa katikati. Wanaweka kemikali ya kuzuia nta isishikane, inasaidia, ila ina mpaka wake. Sintetiki za PAO (polialfaolefini) zinajengwa kiwandani molekuli kwa molekuli, nta haimo tangu mwanzo. Halafu kuna zile za Grupu la 3 kwenye madaraja ya oili za msingi, hizo zinatokana na mafuta ghafi lakini yamepikwa upya kwa haidrojeni na joto mpaka nta imegeuzwa umbo, na Marekani mwaka 1999, baada ya kampuni ya oili ya Mobil kuwalalamikia wenzao wa Castrol kwenye chombo kinachosuluhisha madai ya matangazo, ikakubalika nazo ziitwe sintetiki. Watu wanagombana sana juu ya hili. Mimi kwa matumizi ya gari la kawaida sioni sababu ya kukosa usingizi, soma ile namba ya W na kibali cha mtengenezaji wa gari lako, basi.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila kijana ninayemfundisha, stata kuzunguka sio ushahidi kwamba oili inapanda. Baridi ya 1980 kuingia 1981, kule Sioux Falls, South Dakota, injini ziliwaka vizuri halafu zikafa kwa kukosa oili. Oili zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati ule. Kilichotokea ni kwamba hewa ilipoa polepole, na oili ikipoa polepole nta inapata muda wa kujipanga ikawa kama jeli, pampu ikavuta ile sehemu iliyo karibu na mdomo wake, likabaki shimo, na oili ya pembeni ikakataa kuja kuliziba, pampu ikawa inavuta hewa. Vipimo vilikuwa vinapoza haraka mno vikaikosa kabisa hali hiyo. Ndo maana siku hizi kipimo cha pampu kinapoza oili taratibu kwa zaidi ya saa 45. Kwa hiyo asubuhi ya baridi ukiwasha usiangalie simu, angalia taa ya oili, isipozimika ndani ya sekunde chache zima injini hapo hapo.

Sasa turudi kwa yule jamaa. Anakaa kilomita 4 kutoka kazini. Injini ikiwa ya baridi kompyuta inamwaga petroli nyingi kuliko kawaida ili iwake, sehemu ya hiyo petroli haiungui, inashuka pembeni mwa pistoni inapita ringi inaingia kwenye sampo. Injini zenye nozeli ndani ya silinda moja kwa moja zinafanya hivi zaidi. Halafu kuna maji, lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, mengi yanatoka na moshi lakini kiasi kinapenya chini na kwenye chuma baridi kinageuka matone. Ule ute wa njano ni hayo maji yaliyopigwa pamoja na oili. Oili ikipata joto la kutosha maji na petroli vinakuwa mvuke na kurudi kuungua, tatizo ni kwamba geji unayoiona ni ya maji ya rejeta, oili yenyewe inachelewa nyuma sana, geji imeshasimama katikati na oili bado haijapata joto. Kwa kilomita 4 haipati joto la kutosha kamwe. Kila siku anaongeza, hakuna kinachotoka.

Na hapo sintetiki haina kinga. Petroli inaipunguza uzito sawasawa na inavyoipunguza ya madini, na ile akiba ya dawa ya kuua asidi iliyomo kwenye oili inaliwa vile vile. Sintetiki inakuongezea kilomita pale adui ni joto, safari ndefu na turbo, kwa sababu haiungui na kuganda lami haraka.

Kwa hiyo mimi napima hivi: kama kitabu cha gari kinasema 15,000 na wewe unatembea barabara kuu saa nzima kila siku, nenda 15,000 hata kama ni baridi. Kama ni safari fupi na barafu, kata nusu, na isipite mwaka hata kama gari limelala tu. Vitabu vingi vina ukurasa wa matumizi magumu, safari fupi kwenye baridi imo humo pamoja na vumbi na kuvuta trela, ila watu hawaufungui. Ile asilimia ya maisha ya oili kwenye dashibodi, kwa magari mengi haionji oili, inapiga hesabu ya mizunguko ya injini na joto, inasaidia sana lakini dipstiki ndo inakuonyesha kama imepanda.

Kuacha gari linaunguruma nusu saa ili lipate joto ni kuongeza petroli ileile kwenye oili. Washa, subiri kama nusu dakika, ondoka bila kupiga resi. Na mara moja kwa wiki lipeleke safari ya dakika 40 hivi mfululizo, jamaa yangu anafanya hivyo sasa na dipstiki yake imetulia.

Ukimwaga, mwaga oili ikiwa ya moto baada ya safari kama hiyo, uchafu unatoka nayo, na filta ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mwisho wa majira ya baridi ndo wakati mzuri kuliko wote, hata kama kilomita hazijafika.