Je, wajua kwa nini waya mmoja uliolegea huifanya giaboksi nzima ionekane imekufa?

Wenye magari wa Dodoma wanayajua malalamiko haya. Gari limetoka mjini asubuhi likiwa zima, limepita Bahi vizuri, lakini likianza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni linagoma kubadili gia. Injini inanguruma, mwendo hauongezeki, taa ya injini inawaka. Likipumzishwa nusu saa linakwenda kama kawaida. Jirani yangu wa Nkuhungu yalimkuta hayo, akaambiwa gereji kwamba giaboksi imekufa. Alinunua nyingine ya mtumba kwa fedha za ada ya watoto. Wiki ya pili tatizo likawa palepale. Iliniuma sana.

Giaboksi ya otomatiki haijiamulii ibadili gia lini. Kazi hiyo ni ya kontroboksi, kompyuta ya gari. Amri yake hupita kwenye nyaya hadi kwenye solenoidi, vali ndogo za umeme zilizozama ndani ya oili ya giaboksi. Solenoidi ikifunguka, oili yenye presha huenda kubana klachi za gia inayotakiwa. Kontroboksi ikigundua kuwa amri haifiki sawasawa, huling'ang'aniza gari kwenye gia moja, mara nyingi ya pili au ya tatu, ili giaboksi isiungue nawe ufike kwa fundi.

Kwa nini basi mchana, si asubuhi? Ndani ya solenoidi kuna koili ya waya wa shaba, na shaba ikipata joto huuzuia umeme zaidi. Kutoka nyuzi joto 20 za alfajiri hadi 90 za oili iliyo kazini, ukinzani hupanda kwa zaidi ya robo. Koili nzima huvumilia hilo. Lakini ikiwa alteneta, mashine inayochaji betri, ni dhaifu, au waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, umeota kutu, umeme unaobaki hautoshi. Na barabara zetu za vumbi, zenye mawimbi kama bati, hulegeza sana vichwa vya betri na ethi.

Zipo giaboksi zilizokufa kweli. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimekwisha. Ikiwa kama maziwa ya pinki, maji ya rejeta yameingia. Usiliwashe gari tena.

Oili ikiwa safi, usikubali giaboksi ishushwe kabla umeme haujapimwa. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka husoma kati ya 13.8 na 14.5. Kisha, injini ikiwa inawaka na taa zote zimewashwa, fundi aweke ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha giaboksi. Ikisoma nusu volti au zaidi, ethi ni mbovu. Kwa jirani yangu ilisoma zaidi ya volti moja. Waya wake wa ethi ulikuwa umebaki nyuzi chache tu chini ya tepu.