Usambamba si kufanana kwa miisho

Wengi waliojiandaa kwa SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, wamefundishwa kwamba usambamba katika Kiingereza, yaani kulingana kwa maneno yaliyounganishwa na "and", maana yake maneno hayo lazima yaishie kwa namna moja: "-ing" kwa "-ing", "-ed" kwa "-ed". Kanuni hiyo hukaririka upesi, na ndiyo inayowapotosha hata wanafunzi makini.

Tazama sentensi hii: "The river, rising fast and fed by heavy rain, broke its banks." Anayeshika miisho ataona "rising" na "fed" haviendani. Lakini sentensi ni sahihi kabisa. Maneno yote mawili yametokana na vitenzi na yanafanya kazi ya kivumishi, kuueleza mto: la kwanza linasema mto unafanya nini, la pili linasema unafanywa nini. Kinachotakiwa kulingana ni kazi ya maneno katika sentensi.

Kisha kuna hii: "The river flooded the town, destroying the bridge." Wengi hukimbilia kuandika "destroyed" ili ilingane na "flooded". Nawaelewa, maana Kiswahili chetu husema "mto ulifurika, ukaharibu daraja", na "-ka-" hupanga matukio bila shida. Kiingereza hapo kinaeleza tokeo la mafuriko, na "-ing" baada ya mkato hulibeba vizuri. Ukiweka "destroyed" bila "and", umeharibu sentensi iliyokuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha miisho, jiulize kila neno linaeleza nini.