Kidole gumba cha Kentucky

Kama ulikulia katika nyumba ambayo Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliimba kila Jumapili kabla chai haijaiva, basi kazi ya mpiga gitaa Chet Atkins unaijua tangu utotoni, ila hamjawahi kutambulishwa. Chet ndiye aliyemtayarishia Jim Reeves rekodi nyingi katika kampuni ya santuri ya RCA kule Nashville. Zisikilize tena, na safari hii mwache Jim aimbe huko mbele, wewe tega sikio nyuma. Mwimbaji anaposhusha pumzi, gitaa linatia neno moja, labda mawili, kisha linanyamaza kabla hajafungua mdomo tena. Halimkatizi hata mara moja. Nimefundisha gitaa hapa Nakuru kwa miaka kumi na tisa, na jambo hilo bado naliona gumu kuliko mbio zozote za vidole.

Ninachotaka kuandika leo ni habari za wapigaji walioichukua adabu hiyo ya nyuma ya mwimbaji wakaileta mbele, halafu mwimbaji mwenyewe wakamwondoa. Muziki wa kantri wa gitaa tupu. Wanafunzi wangu hushangaa: kantri bila maneno si chai bila majani? Si muziki wenyewe ni kisa cha mlevi, gari-moshi na mke aliyeondoka? Watu wa pwani hawaniulizi hivyo. Aliyezoea bashraf kwenye taarabu anajua kwamba ala zina yao ya kusema hata kama mwimbaji bado amekaa. Wa bara ndio wananisumbua, na siwalaumu. Sisi tumelelewa na muziki wa dansi, ambako sifa ya mpiga gitaa iko kwenye sebene. Maneno yakiisha, solo inapanda, watu wanasimama. Kwa hiyo tukisikia gitaa peke yake tunangoja lichemke. Hawa jamaa wa Nashville hawachemshi. Wanabaki kwenye ubeti.

Tuanze na gumba, maana bila gumba hakuna kitu.

Magharibi mwa Kentucky, katika kaunti ya Muhlenberg na majirani zake, ni nchi ya makaa ya mawe. Huko mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwapo Arnold Shultz, Mweusi, mchimba makaa aliyepiga gitaa na fidla kwenye dansi za vijijini, akafariki mwaka 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Kennedy Jones alichota kwake. Kwa Jones wakachota Mose Rager na Ike Everly, na kwa hao wawili akachota kijana wa hapohapo aliyezaliwa 1917, Merle Travis. Huyu ndiye aliyeupeleka mtindo redioni, ndiyo maana leo dunia inauita kwa jina lake. Jina la Shultz wanalijua wachache. Mimi hulitaja darasani kabla ya mengine yote.

Mtindo wenyewe ni huu. Shika kodi ya C (kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya serikali). Vaa kwenye gumba la kulia ile kucha ya plastiki. Gumba ligonge uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa sita, kisha wa nne tena, sawasawa kama mtu anayetembea bila wasiwasi. Sasa laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi nene, pale karibu kabisa na daraja linaloshikilia nyuzi, ila usibonyeze. Ukikaa sawa, besi inaacha kuvuma na kuanza kusema pu, pu, pu, fupi na kavu kama mlango unaobishwa na mtu mpole. Ukiteleza mbele kwa nusu sentimita tu, sauti inakufa. Ukirudi nyuma, zinavuma zote na kufunika kila kitu. Wanafunzi wengi huchukua wiki nzima kupata mahali hapo. Mimi nilichukua mwezi, lakini mimi sikuwa na mwalimu.

Gumba likishatembea lenyewe, kidole cha shahada kiko huru kupiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Na hapo ndipo penye utamu. Noti nyingine ya wimbo inaangukia pamoja na gumba, nyingine inaangukia kati ya pigo na pigo, na sikio linasikia watu wawili: mmoja anatembea, mwingine anaimba huku akichelewachelewa makusudi. Unafurahia ule mvutano wao. Yule wa chini haharakishi hata aitwe.

Travis alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akisikika katika redio ya WLW ya Cincinnati, na huko Georgia kijana mwenye pumu, mzaliwa wa Luttrell, Tennessee, alikuwa akimfuatilia kwa shida kwenye mawimbi. Huyo alikuwa Chet. Mkono wa Travis hakuuona. Aliposikia besi na wimbo kwa pamoja, akaamua kwamba hapana, mtu huyu lazima anatumia gumba na vidole viwili, pengine vitatu. Akajifunza hivyo. Alipokuja kugundua kwamba Travis ana vidole viwili tu kazini, yeye alikuwa amekwisha kuwa na mkono wake mwingine, wenye uwezo wa kupiga noti mbili tatu za juu kwa wakati mmoja. Kosa la kusikia bila kuona likazaa mpigaji mpya.

Vidole viwili, nasi tunavijua. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi sasa. Bosco aliimba kwa Kiswahili, akapiga kwa gumba na kidole cha shahada, besi ikitembea chini na wimbo ukicheza juu. Sisemi alijifunza kwa Travis, wala Travis kwake; namweka hapa kwa sababu mwanafunzi wangu akikwama na gumba la Kentucky humsikilizisha Bosco, na mara nyingi fundo linafunguka. Vivyo hivyo omutibo ya Waluhya, ile ya George Mukabi na chupa ya soda ikigongwa pembeni. Sikio letu lina nusu ya somo tayari. Tukumbuke pia kwamba sahani za santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zilifika Bonde la Ufa mapema kiasi kwamba mwaka 1950 Tracey huyohuyo aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Kantri si mgeni wa juzi kwetu.

Narudi kwa Chet. Rekodi yake ya "Mister Sandman", ya mwishoni mwa 1954, ndiyo mimi huanza nayo. Wimbo ulikuwa ukivuma kwa sauti za kina dada waimbaji. Yeye akaupiga kwa gitaa, bila mwimbaji. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba unaweza kuuimba pamoja naye tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho na usipotee. Kila silabi imo. Madoido yapo, lakini yanangoja mwisho wa mstari, pale mwimbaji angevuta pumzi. Kisikilize pia kile kimwangwi kinachofuata kila noti. Hicho kilitoka kwenye amplifaya iliyoundwa na fundi Ray Butts wa mji wa Cairo, Illinois, yenye kitanzi cha utepe ndani yake, kinachorekodi mlio na kuurudisha papo hapo. Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis Presley, aliisikia rekodi hiyo naye akatafuta amplifaya ya namna ileile. Kazi ya kimwangwi ni ndogo tu: kinajaza nafasi ambayo mpigaji mwenye hofu angeijaza kwa noti.

Neno hofu nimelichagua. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kupiga kwenye chakula cha jioni katika hoteli moja. Nilikuwa nimejifunza mteremko mmoja wa haraka sana, nyuzi wazi zikichanganywa na za kushika hadi noti zinatiririka kama banjo, na sikuweza kuuacha nyumbani. Nikautia kwenye wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakati wa mapumziko mzee mmoja akaniita mezani kwake, akanikaribisha kiti, akaniambia taratibu, "Mwalimu, ule wimbo wako wa pili ulianza nikaujua. Kisha ukanipotea. Ulielekea wapi?" Nilisema "Shikamoo mzee" nikiwa nimechelewa, jasho linanitoka. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anautafuta wimbo kweli.

Tangu siku ile nina sharti darasani: hupigi wimbo ambao maneno yake huyajui. Uimbe kwanza, hata kwa sauti mbovu. Mtu anayejua maneno anajua sentensi inapoishia, na vidole vyake vinapumua mahali mdomo ungepumua. Asiyejua maneno anapiga ngazi za muziki zilizovaa nguo za wimbo.

Isidhaniwe kwamba ustaarabu ni kupiga polepole. Jerry Reed wa Atlanta, rafiki wa Chet, alipiga kama buibui aliyemwagiwa maji ya moto, vidole vinapishana, besi inaruka mahali usipoitarajia; lakini wimbo uko wazi mchana kweupe. Na kwa upande wa pili, si kila kilicho pole ni kizuri. Albamu za Chet mwenyewe ni nyingi mno, na baadhi zimemiminiwa fidla laini hadi meno yanauma. Akiwa mtayarishaji alikuwa mmoja wa walioondoa fidla za kijijini na gitaa la chuma ili kantri ipendwe na watu wa mjini. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sauti hiyo ya Nashville ni nini hasa, alitia mkono mfukoni akatikisa sarafu.

Hilo gitaa la chuma lililowekwa kando lina deni lake kwenye kila gitaa la kantri unalolisikia. Asili yake ni Hawaii, ambako Joseph Kekuku anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye Wamarekani wakaliwekea pedali za miguu. Katika rekodi moja ya mwimbaji Webb Pierce iliyotoka 1954, Bud Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia: noti moja ikatulia, nyingine ikapanda polepole kuelekea kodi inayofuata. Ukisikia kantri ukahisi kitu kinakubana kooni bila kujua sababu, mara nyingi sababu ni hiyo. Sauti mbili zilikuwa pamoja, moja inahama, nyingine inabaki.

Wapiga gitaa la kawaida wakaanza kuitafuta sauti hiyo kwa vidole. Unashika uzi wa pili na kuutuliza, kisha unausukuma wa tatu kwa kidole cha pete hadi upande sauti nzima moja, wala usizidi. Ukizidi kidogo, mbwa wa jirani watakwambia. Mpiga gitaa Clarence White alitaka zaidi ya vidole vinavyoweza, na mwenzake Gene Parsons akamtengenezea mtambo ndani ya gitaa lake la umeme aina ya Telecaster: ukilisukuma gitaa chini, mkanda wa begani unavuta wenzo, na uzi wa pili unapanda wenyewe. Ukimtazama mtu anayelitumia unaona bega likishuka kidogo na gitaa likilia. White aligongwa na gari akafa mwaka 1973. Gitaa lenyewe liko kwa mwanamuziki wa kantri Marty Stuart, naye analipiga.

Usiniulize kama unahitaji Telecaster. Ni ubao, nyuzi na sumaku mbili. Leo Fender aliitoa California mwaka 1950 akiiita kwanza Broadcaster, na uzuri wake ni kwamba haifichi kosa lolote. Anza na gitaa la mbao ulilonalo, hata kama shingo imepinda kidogo.

Kipimo changu cha gumba ni kimoja. Kaa jikoni, anzisha pu, pu, pu kwenye kodi ya C, halafu ongea na mtu mambo ya kawaida: bei ya nyanya, mvua, nani kaoa. Gumba likisita, rudi mwanzo. Lisiposita, ongeza wimbo. Juzi binti yangu alikuja kunieleza habari za safari ya shule wakati nikipiga. Akataja mahali wanapokwenda, gumba likaendelea. Akataja siku, likaendelea. Akataja kiasi kinachotakiwa.

Nikaanza upya kwenye uzi wa tano.