Nani anapigwa faini, na mwenye moshi wa jirani afanye nini: sheria za kuzuia saratani California

Tangu Januari 2025, sheria ya tumbaku yenye ladha ilipokazwa hapa California, simu hazikauki kwenye ofisi yetu ya elimu ya kuzuia saratani, na nyingi zinaleta swali moja: eti nikikutwa na vepu (sigara ya kielektroniki) ya ladha ya embe mfukoni nakamatwa? Kwa sheria hii hukamatwi. Inamhusu anayeuza, sio anayevuta, ilikuwa hivyo toka wapiga kura walipoipitisha kwa kura ya maoni ya jimbo iitwayo Prop 31, Novemba 2022, ikaanza kutumika Desemba ile ile, na bado ni hivyo. Kilichoongezeka ni kwamba "ladha" sasa inabeba hata ule ubaridi unaousikia kooni, maana kulikuwa na sigara zimeondolewa harufu ya mentholi zikaachiwa baridi yake, kisha zinauzwa kama hazina ladha. Huo mlango umefungwa.

Na shisha? Tumbaku ya shisha imesamehewa, ila masharti yapo: duka liwe na leseni na ndani asiingie mtu wa chini ya miaka 21, saa yoyote, hata kama amekuja kumsubiri baba yake. Siga (cigar) za bei ghali na tumbaku ya kiko nazo zimesamehewa. Huo ni msamaha wa kuuza tu jamani, sio ruhusa ya kuwasha popote, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo halafu wanatukasirikia sisi.

Kazini, tuelewane mara moja. Sehemu za kazi za ndani hazivutiwi sigara toka 1995, baa ziliingia 1998, na 2016 zikaongezwa vepu pamoja na zile biashara ambazo mwenyewe anafanya kazi peke yake bila kuajiri. Faini ni ya mwajiri anayeruhusu, na anayevuta naye inaweza kumpata: mpaka dola 100 kosa la kwanza, mpaka 200 la pili ndani ya mwaka, mpaka 500 la tatu na kuendelea. Mwajiri anajikinga kwa kuweka mabango na kumwomba anayevuta aache, sheria haimlazimishi kumshika mkono na kumtoa nje, kwa hiyo meneja anayesema "mimi nifanye nini, nipigane naye?" aelewe kwamba hajaombwa kupigana na mtu, ameombwa kusema. Malalamiko yanaanza kwa jiji au kaunti yako. Cal/OSHA, idara ya jimbo ya usalama kazini, hawalazimiki kuja mpaka mwajiri awe ametiwa hatiani mara tatu ndani ya mwaka uliopita, hivyo ukiwapigia wao kwanza watakurudisha pale pale, sio kwamba wanakudharau.

Kwenye viwanja vya watoto kuchezea huruhusiwi kuvuta ndani ya futi 25, faini ni dola 250, na hiyo inampata mvutaji mwenyewe. Kuvuta ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 18 ni faini mpaka dola 100, ingawa polisi hawezi kukusimamisha kwa hilo peke yake.

Kuna wanaouliza haya yote yanahusiana vipi na kansa, si tungejenga hospitali tu. Mwaka 1988 wapiga kura wa jimbo hili walipitisha Prop 99, ikaongeza senti 25 kwenye kila pakiti, na sehemu ya hela hiyo ikaenda kwenye elimu na kazi ya kupunguza uvutaji. Miaka iliyofuata saratani ya mapafu ilishuka hapa kwa kasi kuliko sehemu nyingine za Marekani. Mwaka 2016 wapiga kura wakapitisha kodi ipande tena kwa dola 2, na 2017 ikafika dola 2.87 kwa pakiti. Hospitali zinampokea mtu ambaye ameshaugua, sigara ambayo kijana hakuianza haimpeleki huko.

Chanjo ya HPV nayo, kirusi kinacholeta saratani, kabla sijasahau. Hapana, haijalazimishwa. Sheria ya 2023 inataka wazazi wa wanaoingia darasa la sita wapewe taarifa kwamba inashauriwa, basi. Umri ni miaka 11 au 12, akianza kabla ya 15 ni dozi mbili, akichelewa zinakuwa tatu. Watoto wa kiume pia wanachanjwa, maana kirusi hiki kinaleta saratani ya koo na ya njia ya haja kubwa, sio ya mlango wa kizazi peke yake. Habari ya kwamba inafunga uzazi ni uzushi, na inachosha.

Sasa moshi wa jirani, ambao ndio malalamiko mengi zaidi. Sheria ya jimbo haikatazi mtu kuvuta ndani ya apatimenti yake. Inampa mwenye nyumba haki ya kukataza, hiyo ni toka 2012, na inaacha majiji yaende mbali zaidi, kama San Rafael walivyofanya 2012 wakakataza kwenye nyumba zote zinazoshiriki ukuta, za kupanga na za kununua. Nyumba za umma za serikali kuu zilikatazwa 2018, ndani na futi 25 kutoka kwenye jengo. Kama upo kwingine, anza kuandika: tarehe, saa, namba ya nyumba, moshi unapoingilia, chini ya mlango au kwenye tundu la hewa la bafuni. Barua ya "jirani yangu ananiua" bila tarehe hata moja haimsaidii mtu yeyote, na tunazipata nyingi mno.

Halafu nenda kwenye baraza la jiji. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, na kila kikao cha kawaida kina muda wa wananchi kuongea. Huhitaji kuwa raia, na hawaruhusiwi kukulazimisha uandike jina ndio uingie. Sisi wa ofisi tunaelimisha tu, kwa fedha za umma hatuwezi kukwambia umpigie nani kura wala kukusukuma uunge mkono muswada fulani, kwa hiyo usituombe tukuandikie hotuba. Wewe kama mkazi sema unachotaka.

Ukimaliza, madiwani wakanyamaza au wakasema asante tu, usiondoke umenuna. Jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda hawaruhusiwi kulijadili wala kuliamulia usiku ule. Muombe diwani wa eneo lako aliingize kwenye ajenda ya kikao kijacho, na siku hiyo uje na yale makaratasi yako ya tarehe na majirani wengine wawili watatu.