Gesi ya friji haiishi, rudisheni diposti ya watu

Jumamosi iliyopita nimeitwa Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, apatimenti ya vyumba viwili yenye kila kitu ndani, mpangaji ametoka Ijumaa na mwingine anaingia Jumatatu. Hajjati mwenye nyumba amesimama jikoni ananiambia, "Fundi, we weka gesi tu. Yule binti ameimaliza, nimeshamkata kwenye diposti." Nikamuuliza ameimalizaje. Akanishangaa kabisa. "Si amekaa mwaka mzima anaitumia?"

Nimelisikia hili Ntinda, Najjera, Kireka, kwa wazee wenye nyumba kumi na kwa wenye chumba kimoja cha kupangisha, na nimechoka kubishana mlangoni huku nimebeba mtungi wa naitrojeni wa kupimia matundu, kwa hiyo leo naliandika lote.

Nadhani neno lenyewe ndo linatuponza. Gesi ya jiko inaungua, ikishaungua imekwenda, unabeba mtungi unabadilisha. Gesi ya friji haiungui popote. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila upande: kompresa inaisukuma, inapita kondensa inatema joto na kuwa majimaji, inapita draya inayochuja unyevu, inabanwa kwenye kapilari, kibomba chembamba, inaingia evapoleta, ile sehemu inayogandisha, inachemka na kunyonya joto la maziwa yako, halafu inarudi kompresa kuanza upya. Gramu zilizotoka kiwandani ndo hizohizo mpaka siku friji inauzwa chuma chakavu. Nimekuta friji za R12, gesi ambayo dunia ilianza kuiondoa baada ya mkataba wa Montreal wa 1987, zimekaa jikoni kwa bibi wa mtu zinagandisha vizuri na hakuna fundi aliyewahi kuzigusa. Mpangaji hawezi kutumia gesi ya friji, hata akifungua mlango mara mia kwa siku, hata akiuza bushera na juisi humo ndani, ataongeza bili ya Yaka, yaani umeme, na kuichosha kompresa lakini gesi ataikuta ilipo.

Gesi ikipungua kuna tundu. Na fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia wiki kadhaa au miezi kadhaa ya ubaridi, basi.

Tena mara nyingi hata si gesi. Friji haipoi, mtu anapiga simu anasema gesi, mi nafika nakuta imesukumwa mpaka ukutani, kondensa ina vumbi kama blanketi na jiko liko pembeni yake. Au mpira wa mlango umelegea, bana noti ya elfu moja mlangoni ukiivuta ikitoka bila kushikwa basi hewa ya moto inaingia usiku kucha. Au termostati. Au umeme wenyewe, stima yetu ni volti 240 kwenye karatasi lakini kuna nyumba nimepima 174 saa mbili usiku, kompresa inanguruma sekunde chache inakata, inanguruma inakata, mwenye nyumba anasema gesi imeisha. Friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji na umeme mbovu, nunueni jamani, na ile dakika ya kusubiri kabla haijawasha msiitoe, kompresa ikizima presha za pande mbili zinahitaji muda kulingana kupitia kapilari, ukiilazimisha kuwaka hapohapo inang'ang'ana na mzigo mpaka waya zake zinaungua.

Sasa tundu liko wapi, hapo ndo kwenye pesa ya mpangaji, na hapo ndo watu wanaharakisha.

Tundu la kwanza kila mtu analijua, ni kisu. Friji za kawaida za mlango mmoja zinajaza barafu, mpangaji hana subira ya kuzima na kungoja, anachukua kisu anachokonoa, evapoleta ni aluminiamu nyembamba, unasikia psss, kwisha. Hiyo ni ya mpangaji na sina utetezi. Lakini mchubuko si tundu! Nimeona watu wamelipishwa friji nzima kwa alama ya kisu ambayo haijapenya hata nusu ya bati. Paka povu la sabuni huku presha ipo ndani, kama kuna tundu litachemka mbele ya macho yako, na mara nyingi utakuta na mafuta mafuta pembeni kwa sababu mafuta ya kompresa yanatembea na gesi.

Tundu la pili ni la fundi aliyepita. Amefungua mfumo, ameacha valvu ya kujazia bila kifuniko, au kachomelea ovyo. Hili la fundi linalipwa na nani? Si na mpangaji, aliyemleta fundi ni mwenye nyumba.

La tatu ndo linaloniudhi maana halionekani na karibu hakuna anayewaeleza watu. Shika ukingo wa friji pale mlango unapofungia, utahisi uvuguvugu. Ndani ya ukingo huo kuna bomba linazunguka fremu yote, linapitisha gesi ya moto makusudi ili mlango usitoke jasho. Friji nyingi bomba hilo ni la chuma, limezikwa kwenye povu la ukuta, na unyevu ukiingia humo miaka inavyokwenda linaoza polepole kutoka nje. Huwezi kuliona, huwezi kulipaka sabuni. Fundi wa haraka anaongeza gesi, inapoa, inatoka tena, anaongeza, na kila mpangaji anayehama anaambiwa ameimaliza. Hapo hakuna mtu aliyekosea kitu, ni kutu tu, na ni friji ya mwenye nyumba.

Kwa Hajjati nilikuta vyote. Alama ya kisu ipo, akanionyesha kwa kidole, "Unaona?" Valvu haina kifuniko. Draya ni ileile ya kiwandani ingawa gesi imeshawekwa mara mbili, na draya inabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa, hiyo si anasa. Lebo inasema R600a gramu 48. Hiyo gesi inajazwa kidogo sana kwa hiyo makosa ya gramu kumi ni makosa makubwa, lazima mizani, si kukisia kwa kugusa bomba. Na inashika moto, kwa hiyo kwanza fungua madirisha na itoe yote kabla hujawasha tochi ya kuchomelea. Halafu naomba kabisa msikubali mtu awawekee R134a, gesi nyingine ya friji, kwenye kompresa ya R600a kwa sababu ndo aliyonayo begani, presha ni nyingine, mafuta ni mengine, kompresa imetengenezwa kwa gesi yake. R134a yenyewe inapunguzwa duniani kwa makubaliano ya Kigali ya 2016, hapa jirani tu.

Basi nikatenganisha pande mbili, wa evapoleta na wa kondensa, nikajaza naitrojeni kwa presha ya bar 10 kila upande, nikafunga, nikaomba chai. Hajjati akakaa na mimi. Baada ya saa nzima sindano ya geji ya upande wa evapoleta, ule wenye alama ya kisu, haijasogea hata unywele. Upande wa kondensa umeshuka mpaka 7. Nikakata bomba la fremu nikalipima peke yake, likashuka tena. Nikamwita aje aone geji mwenyewe, maana mtu akiona sindano inalala hahitaji Kiingereza changu wala cha mtu.

Dawa yake ni kuliacha bomba hilo, unaunganisha kondensa ya nyuma moja kwa moja na draya. Inafanya kazi. Lakini mwambie mwenye nyumba ukweli, msimu wa mvua ukingo wa mlango utatoka jasho, ni wa kufuta na kitambaa. Tundu likiwa kwenye evapoleta iliyozikwa ndani ya povu mi huwa nasema nunua nyingine, kupasua ukuta wa friji nimejaribu na sikuridhika na kazi yangu.

Na si kila siku natoka mshindi. Kuna friji ya Bweyogerere niliipima siku mbili, geji haikusogea, nikabadilisha draya nikajaza kwa mizani, baada ya miezi minane imerudi haina kitu. Kuna matundu madogo yanayofunguka chuma kikipata moto tu na yanajifunga kikipoa, ndo ninavyoamini, lakini lile sikuliona na sikumdai yule mzee hela ya pili.

Wanaoniuliza wanunue friji ipi kwa ajili ya kupangisha: miaka mingi nimesema chukua ya kawaida ya mlango mmoja, sehemu chache, spea zipo mjini. Siku hizi nasitasita. Zile zisizojaza barafu (no-frost) zina feni na hita ya kuyeyusha barafu na vyote hivyo vinakufa, ila hakuna mpangaji anayeziingilia na kisu, na hita inabadilishwa ndani ya saa moja. Kwa nyumba ambayo watu wanaingia na kutoka kila mwaka naanza kuegemea huko. Na vyombo vingine vya kupangishia: mashine ya kufulia, angalia kwanza presha ya maji ya tanki la juu kabla hujanunua, nyingi naitiwa ni maji hayafiki. Birika na pasi usitengeneze, badilisha. Hita ya bafu bila waya wa ardhi usiwashe kabisa, usimuwashie na mtu mwingine.

Na andikeni. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea uwe wa maandishi, sasa kama mnaandika si muandike na friji? Siku ya kuingia washeni pamoja, wekeni kipimajoto ndani usiku mmoja, pigeni picha evapoleta ikiwa haina barafu ili alama za kisu zijulikane za nani, wote wawili sahihi. Mi kila friji ninayofungua nabandika utepe nyuma: tarehe, gesi gani, gramu ngapi, tundu lilikuwa wapi. Fundi atakayekuja baada yangu asianze kukisia.

Hiyo ya Kyaliwajjala niliandika "bomba la fremu, kutu". Hajjati akausoma ule utepe, akauliza, "Kwa hiyo yule binti hakufanya kitu?" Nikamwambia amechubua kwa kisu na hilo mkemee, lakini gesi haikutokea hapo. Akanyamaza kidogo, akatoa simu akatoka nayo barandani, nikamsikia anasema, "Mwanangu, uko wapi sasa?" Mi nikawasha pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba.